Shamba Alilichukua, Mungu Sikumwachia

Mwanangu Donavina,

Begi lako nimeliona karibu na mlango, limefungwa kamba mara mbili kana kwamba kuna mtu atakayekimbia nalo. Mwenye pikipiki ameahidi kukufikisha Gitega asubuhi kabla jua halijakasirika. Kutoka hapo utapata gari la Muyinga, na kutoka Muyinga mpaka Giteranyi, ulikopata kazi ya ualimu, utajijua mwenyewe, labda kwa baiskeli, maana barabara ya huko nasikia inapenda baiskeli kuliko magari. Sasa umekwenda kuwaaga watu wa mlima wa pili. Nyumba imenyamaza. Nimetoa kigoda nje penye mwanga, kwa sababu macho yangu hayaelewani tena na kivuli, nikachukua kalamu.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala ya wanaume, wala ya kufunga mlango vizuri. Shangazi yako ameyasema hayo yote tangu juzi, na wewe umeitikia ndiyo, ndiyo, bila kusikia. Hata mimi niliitikia hivyo hivyo nilipokuwa na umri wako.

Naandika Kiswahili. Kirundi nakisema, lakini kalamu nilifundishwa kuishika kule Tanzania, katika shule ya makazi ya wakimbizi, na mkono wangu haukujifunza lugha ya pili. Huko Giteranyi utakisikia tena Kiswahili, watu wanavuka mpaka kila siku. Hutakuwa mgeni kabisa.

Nataka kujibu swali lako. Wiki iliyopita tulikuwa tunapukuchua maharage, ukaniuliza bila kuinua macho: "Mama, umerudi kanisani kwa sababu umezeeka? Unaogopa kufa?"

Nikakwambia, "Endelea na maharage yako."

Ukasema, "Mimi siendi tena. Tangu niko chuoni Gitega sijakanyaga. Na wewe ndiye uliyenifundisha."

Halafu ukainuka ukaenda kuteka maji ilhali mtungi ulikuwa umejaa. Sikukasirika, Dona. Nilikosa jibu, na mimi kukosa jibu ni jambo linaloniumiza kuliko goti. Jibu nimelipata sasa, nalo ni refu, kwa sababu mambo mengine yalitokea wewe ukiwa chuoni, na najua uliyasikia kutoka kwa watu wasiojua kusimulia.

Unajua kwamba tulikimbia mauaji, tukauacha mlima huu wa Bukirasazi, nikiwa msichana ambaye maziwa yake hayajaota. Mama yangu alituvusha mpaka mimi na mjomba wako. Baba yangu, Nikodemu, hakuvuka nasi. Alirudi nyuma kufungua zizi ili ng'ombe wasife na njaa, ndilo neno la mwisho alilosema, kwamba anafungua zizi na anakuja. Mpaka leo sijui amelala wapi. Nilikulia Tanzania, nikabatizwa huko, nikaolewa huko na baba yako, nikakuzaa wewe kitinda mimba wangu nilipokuwa nimekwisha kukata tamaa ya kuzaa. Kanisa letu lilikuwa la nyasi, na ngoma yake ilikuwa pipa. Usidhani nilikuwa mtu wa imani haba. Nilikuwa mwimbaji. Nilikuwa nikianzisha wimbo, wanawake wa vijiji vitatu wanajibu.

Amani ikaja, tukaambiwa turudi. Ulikuwa mtoto wa kujua kila kitu wakati huo, utakumbuka tulivyoteremka kwenye gari na masufuria yetu. Na utakumbuka tulikuta nini. Kwenye shamba la baba yangu kulikuwa na nyumba ya matofali, na mbele ya nyumba alisimama Reveriani.

Nitasema ukweli juu ya Reveriani, kwa sababu hasira inayosema uongo haina nguvu. Hakumfukuza mtu. Alikuwa kijana maskini, wakubwa wa wakati ule wakamwonyesha shamba lisilo na mwenyewe wakamwambia lima. Akalima. Akaoa, akazaa, akazika watoto wawili humo. Wazee walipokaa kutuamua, walipasua shamba kama mtu anavyopasua kuni: upande wa juu, wenye maparachichi na udongo mweusi, ukabaki kwake, upande wa chini unaokwenda bondeni, wenye magimbi na mbu, ukawa wetu. Baba yako akasema tupokee. Mimi nilipokea kwa mikono, moyo haukupokea.

Lakini si mpaka ulioniuma zaidi. Siku ya maamuzi wazee walimuuliza Reveriani, "Unajua shamba hili lilikuwa la nani?" Naye, mtu mwenye rozari shingoni, kiongozi wa jumuiya ya waumini wa mlima huu, msomaji wa somo la kwanza kila Jumapili, akajibu, "Nililikuta ni pori. Sijui mtu aliyekuwa hapa." Alikuwa anamjua. Kwao ni ng'ambo ya bonde. Baba yangu ndiye aliyempa baba yake dume la kwanza la kuanzia zizi. Alilikana jina la baba yangu mbele yangu, kwa sauti ile ile anayosomea Maandiko.

Baba yako alipofariki, mwaka wa tatu baada ya kurudi, jumuiya ilikuja kuzika, na Reveriani akiwa mbele na maji ya baraka. Nilimzuia pale pale kaburini. Nilimwambia, "Mume wangu atalala bila sauti yako." Watu wakashika vinywa. Wengine wakaondoka. Tulimzika na majirani wachache, na wimbo niliuanzisha mwenyewe, ukajibiwa na watu wanne.

Watu wa mlima wanasema hilo ndilo kosa langu. Hapana. Leo hii, mvi zikiwa zimekwisha kuniteka kichwa kizima, ningemzuia tena. Kosa langu ni lile lililofuata. Nilichukua jembe. Jumapili ya kwanza baada ya maziko nilikwenda kulima kando ya njia ya kanisani, mahali ambapo kila mtu anapita, ili wanione. Na Jumapili ya pili. Na miaka mingi baadaye. Hapakuwa na kitu cha kulima pale, Dona, ni changarawe. Nililima hasira.

Na wewe ukapita. Siku ya komunyo yako ya kwanza ulipita na gauni jeupe la kuazima, umeshikwa mkono na shangazi yako, ukasimama ukaniangalia. Ulikuwa unangoja niweke jembe chini. Sikuliweka. Niliinama nikaendelea, na nilipoinua kichwa ulikuwa umekwisha kupita. Nililima mpaka wimbo wa mwisho ulipokwisha kule juu. Sikuombi uniambie si kitu. Ni kitu. Ulisema kwamba ukimwona mtu yeyote anasoma somo la kwanza unasikia jembe langu. Ninaamini.

Sasa nikwambie nilivyorudi, kwa sababu si hofu ya kufa iliyonirudisha.

Unamkumbuka Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, yule anayezungusha vitenge kwenye masoko ya Gitega na kulala kwetu siku za soko la hapa. Yeye alipoteza nyumba, mume na duka, na bado anacheka mpaka kuku wanaruka. Jumapili moja alinikuta njiani na jembe. Alikuwa amevaa vizuri, anakwenda misa. Akasimama.

"Mama Dona, we uko unalima nini hapa? Mawe?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, baba, zizi, maparachichi, yule mtu na rozari yake. Nilidhani atanihurumia kama wengine. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kitenge upya.

"Sikiya, dada. Ile shamba, ni yeye alikukamatia. Ni sawa, ile ni mambo ya wakubwa. Lakini Mungu, ni we mwenyewe ulimupatia. Na mikono yako. Ulimuambia: kamata, na huyu pia ni wako."

Akaenda zake. Sikulima tena siku ile. Nilikaa juu ya mpini nikasema kwa sauti, mtu akipita angedhani nimerukwa: Hapana. Shamba alilichukua. Mungu sitamwachia.

Hivyo ndivyo nilivyorudi, mwanangu. Sikurudi nikilia. Nilirudi kama mtu anayekwenda kudai kilicho chake.

Jumapili iliyofuata nilivaa kile kitenge cha buluu na nikapanda kanisani. Sikukaa nyuma. Nilikwenda mpaka benchi la mbele, lile la akina Reveriani, nikakaa. Mke wake, Goreti, akaniambia, "Mama Dona, hapa pana watu." Nikamwambia, "Ndiyo. Na mimi ni mtu." Wakati wa kupiga magoti kanisa zima likashuka, mimi nikabaki nimesimama kama mgomba. Unayajua magoti yangu, yakishuka hayapandi. Goreti akanong'ona, "Piga magoti!" Nikamjibu, na nadhani mpaka kwaya ilisikia, "Magoti yangu yaliishia kwenye shamba unalolima." Tulipoambiwa tupeane amani, Reveriani alinyoosha mkono. Niliutazama. Sikuutoa wangu. Na sala zote nilijibu kwa Kiswahili, kama nilivyofundishwa, wakati wenzangu wanajibu Kirundi. Watoto walicheka. Mtu akasema, "Huyo Mtanzania." Nikazidisha sauti.

Jioni yake walikuja wajumbe wa jumuiya. Walisema nikitaka kurudi nirudi kwa utaratibu: nikae benchi la nyuma, na nimwombe Reveriani msamaha hadharani kwa yale ya kaburini. Mzee mmoja aliongeza, kwa upole, "Mama, umri huu si wa kugombana. Ni umri wa kujiandaa."

Nikamwambia, "Najiandaa. Nikifika huko nataka kufika na jina la baba yangu. Wewe utafika na nini?"

Dona, watu wanadhani uzee ni kuinama. Wanataka mwanamke mzee awe laini kama ugali wa jana uliopashwa moto. Mimi uzee umenipa kitu kingine: umeniondolea aibu. Nilipokuwa kijana niliogopa watu watasema nini, nikajificha nyuma ya jembe nikajiita shujaa. Kulima changarawe mbele ya watu si ushujaa. Kukaa benchi moja na mtu uliyeshindwa kumsamehe, na kubaki hapo mpaka baraka ya mwisho, hapo ndipo panapotaka mifupa.

Komunyo sikupokea. Mimi si mwizi. Nilikwenda kwanza kuungama kwa padri, yule kijana ambaye ndevu zake bado zinatafuta njia. Nilimwambia dhambi zangu, nikakutaja wewe na gauni lako. Kisha nikamwambia, "Na Reveriani sijamsamehe, na sikusudii."

Akasema, "Basi siwezi kukupa maondoleo ya dhambi, Mama."

"Najua. Nimekuja kukuambia tu usije ukasikia kwa wengine."

Akanibariki, nikaondoka. Jumamosi nyingine nikarudi. Na nyingine. Alikuwa akiniona mlangoni anavuta pumzi kama mtu anayebebeshwa gunia. Siku moja akauliza, "Mama, unataka nini kwake? Shamba?"

"Shamba limekwisha amuliwa. Nataka aseme. Mbele ya watu. Kwamba pale paliishi mtu anayeitwa Nikodemu, na alimjua."

"Na asiposema mpaka akafa?"

"Nitakuja vilevile."

"Basi njoo," akasema. Hilo tu. Sijawahi kusikia mahubiri mazuri kuliko hayo.

Nilikaa hivyo miezi mingi, benchi la mbele, watu wanapita magoti yangu kwenda kupokea, mimi nimebaki. Ilikuwa fedheha, sitakudanganya. Lakini nikwambie kitu ambacho sikukitegemea. Nilikuwa nimekwenda kwa ubishi. Na katika ule ubishi, taratibu, Mungu akawa hapo. Nilidhani nimekwenda kumnyang'anya Reveriani kitu. Nikakuta kitu chenyewe kinanipenda. Nyimbo zilirudi. Nikiwa peke yangu bondeni nachimba magimbi, nilijikuta nazungumza Naye kama nilivyokuwa nikizungumza nikiwa binti, namlalamikia, namkatalia, namuuliza baba yangu yuko wapi. Hakunijibu. Lakini nilijua nasikilizwa, na tofauti ya kusikilizwa na kuongea peke yako niliijua vizuri, maana nilikwisha kuongea peke yangu miaka yote ile.

Ukaja mwezi wa marehemu. Wewe ulikuwa chuoni. Jumuiya inakutana kuwaombea wafu, zamu ilikuwa uani kwa Reveriani, chini ya maparachichi ya baba yangu. Sikuwa nimekanyaga pale tangu tuliporudi. Nilikwenda. Desturi ni kila mtu kusimama na kumtaja mfu wake, na kiongozi anarudia jina hilo na kuanza sala, watu wanajibu. Goreti aliwataja watoto wao wawili. Reveriani akarudia majina yao, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee. Shingo yake imekuwa nyembamba, kola inamzunguka.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama. Nikasema kwa Kirundi, ili pasiwe na mtu wa kusingizia lugha: "Nikodemu, baba yangu. Aliyeipanda miti hii tuliyokalia kivuli chake. Sijui alipolala."

Zamu ikawa yake, Dona. Kiongozi alitakiwa arudie jina. Goreti aliniangalia kama anayeniomba, au anayenilaani, sikujua. Reveriani alishika rozari yake, midomo ikacheza bila sauti. Nikafikiri: akiruka jina hili nitasimama hapa mpaka kesho. Sikuketi. Magoti yalikuwa yanawaka moto na sikuketi.

Akasema, "Nikodemu."

Halafu, hakuna aliyemlazimisha, akasema tena, "Tumwombee Nikodemu. Aliyekuwa mwenye shamba hili ninalolima. Nilimjua. Alimpa baba yangu dume la ng'ombe. Niliulizwa, nikasema sijui." Kisha akaanza, "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Watu wakajibu. Mimi nilijibu kwa Kiswahili, "Na mwanga wa milele umwangazie," na sauti yangu ndiyo iliyomaliza mwisho, kwa sababu sikutaka kuiharakisha.

Baadaye Goreti alinipa uji. Niliunywa.

Jumamosi padri aliniona mlangoni. "Haya, Mama?"

Nikamwambia, "La mdomo nimemsamehe. La shamba bado."

Nilidhani atanifukuza. Akafunika uso kwa mkono, nadhani alikuwa anacheka, nadhani pia hakuwa anacheka. "Anza na la mdomo," akasema, "na la shamba uendelee kuniletea." Akanipa maondoleo. Kesho yake nilipokea. Tulipofika kwenye kupeana amani nilimpa Reveriani mkono. Si mkono wote, vidole. Vimeongezeka tangu hapo. Mpaka wa shamba uko pale pale, naye bado anakula maparachichi ya baba yangu, na mara moja moja Goreti analeta kikapu, nami ninapokea bila kushukuru sana.

Sasa unajua. Kufa sikuogopi zaidi ya mtu mwingine. Nilichoogopa ni kufa nikiwa nimemwachia mtu mwingine kitu changu kikubwa kuliko vyote, kwa sababu tu alikuwa ameketi karibu nacho.

Sikuambii uende misa huko Giteranyi. Sina haki hiyo. Nililima mbele yako. Nakuambia hivi tu: ukiamua kukaa nje, kaa nje kwa hasira yako mwenyewe, usikae kwa yangu. Yangu nimeitumia, imekwisha, hairithishwi. Na ukiamua kuingia, usingoje mpaka waliomo wawe wema. Utazeeka mlangoni. Usikubali mtu akwambie ukae nyuma. Usikubali pia mtu akwambie umsamehe leo kwa sababu leo inamfaa yeye. Jibu kwa lugha yoyote unayoijua. Na ukiwa mwalimu, mtoto akikujia na gauni jeupe la kuazima, weka chini chochote ulichoshika.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na shangazi yako, basi nimalizie. Kesho nitakusindikiza mpaka barabarani, na magoti haya haya. Mwenye pikipiki atawasha injini, watu wa sokoni watakuwa wanaangalia, Reveriani labda naye atakuwepo. Nami nitakuchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, mbele yao wote, polepole. Utaona haya, najua. Ukitaka kuufuta, ufute pikipiki ikishapinda kona. Mbele yangu, hapana.

Ni mimi mama yako,
Liberata, binti Nikodemu